Kapsuli za Kemilembe

Nianze na wewe msomaji wa Muleba mjini, uliyeniandikia kwamba mtu kama mimi angecharazwa viboko sokoni watu wakiangalia. Ndugu yangu, umewahi mno kukasirika. Soma ya wiki hii kwanza, halafu uniambie kama viboko vinatosha.

Kwa ambao mmenikuta njiani: mimi ni Philbert, niliyekuwa dereva wa basi la shule mjini Bukoba. Pikipiki ilinigonga, bega likapona, lakini mishipa ya fahamu ikabaki inawaka moto. Daktari akaniandikia kapsuli. Bega lilipotulia, mimi sikuacha kumeza. Nilikuwa nimeshaonja kile kinachokuja ukizidisha: mwili unalegea, moyo unakuwa mwepesi, unawapenda hata watu ambao siku ya kawaida usingewasalimia. Wiki iliyopita niliwaeleza nilivyosinzia kwenye usukani, basi likaingia kwenye migomba ya watu. Watoto walitoka wazima, namshukuru Mungu. Mimi nilitoka bila kazi. Daktari naye alikataa kuniandikia tena, nikafungasha nikarudi nyumbani Kamachumu, nikamwambia mama nipo likizo.

Mama yangu, Ma Kokwijuka, alinipokea kwa vigelegele.

"Nyumba ina mwanaume tena," akasema.

Tangu kaka yangu mkubwa Kamala alipofariki, nyumba ile ilikuwa ya wanawake watupu. Mama mwenyewe, mdogo wangu Kemilembe ambaye ni fundi cherehani, na Klaudia, mjane wa Kamala, aliyeolewa kwetu akitokea Kimwani na hakuondoka mumewe alipokufa.

Siku ile ile niliyofika, tukiwa mezani mchana, Klaudia aliweka kopo dogo mbele ya Kemilembe. Akalifungua, akatoa kapsuli moja. Nusu nyeupe, nusu njano.

Kijiko kilinikwama mdomoni. Zilikuwa zile zile zangu.

"Dawa gani hiyo?" nikauliza, kama mtu asiyejua kitu.

"Si ndiyo ile ya kifafa chake, shemeji," Klaudia akajibu. "Zile za zamani zilimtoa vipele mwili mzima, daktari akambadilishia. Hizi zimemkubali. Hajaanguka tangu aanze."

"Kumbe ndizo hizi? Mimi walinipa za bega."

"Ndiyo, hospitali wanasema zinatibu yote mawili."

Mama akadakia. "Basi Philbert ndiye awe anampa. Yeye amesoma, tena hizo dawa anazijua. Wewe Klaudia unakwenda kuzichukua hospitali, unapika, unalima, unakimbizana na mtoto huyu mpaka kwenye cherehani yake. Pumzika kidogo, waitu."

"Nitashukuru kweli, mama," Klaudia akasema, akanisogezea kopo. Alinisogezea mwenyewe, kwa mkono wake, akitabasamu.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Naona aibu kuliandika neno hilo, lakini ndilo lenyewe. Mdogo wangu ana kifafa, na mimi nilifurahi.

Mnataka kujua nilivyofanya. Kuziiba tu nisingeweza, maana Klaudia alikuwa anajua kopo linatakiwa kuisha lini. Kwa hiyo niliingia stoo, nyuma ya magunia ya kahawa, nikaifungua kapsuli kwa kucha, nikaumwaga unga wake kwenye chai yangu. Halafu nikaijaza kapsuli unga wa muhogo, ule ule wa ugali wetu. Rangi ni moja. Nikaifunga, nikaifuta kwa shati, nikairudisha.

Ya kwanza nilijiambia ni hiyo tu, bega linauma. Bega halikuwa linauma. Ya pili nilijiambia dawa ya siku zote bado imo mwilini mwake, itamshika. Mtu mwenye kiu ya namna yangu huwa daktari bingwa ghafla, ana majibu ya kila swali. Haikuchukua muda, kopo zima likawa ni kazi ya mikono yangu, na mchana mimi ndiye niliyekuwa nampa mdogo wangu kapsuli ya ugali na glasi ya maji.

"Meza yote, Kemi."

"Ndiyo, kaka."

Na jambo linalonichoma kuliko yote ni hili: siku hizo nilikuwa mtu mzuri. Nilimsaidia mama kumenya ndizi. Nilimsifia Klaudia mapishi yake mpaka akawa anacheka peke yake jikoni. Nilikaa kwenye kigoda karibu na cherehani ya Kemilembe, nikimshikia vitambaa, nikimsimulia vituko vya mjini, naye akicheka mpaka anakosea mshono. Nyumba nzima ilisema Philbert amerudi. Aliyerudi ilikuwa ile dawa.

Kemilembe alikuwa na mchumba. Damian, kijana wa Nshamba, anapima kahawa kwenye chama cha msingi huko kwao. Mama alikuwa na neno moja tu dhidi yake.

"Mkatoliki," alikuwa akisema, akiguna. "Lakini anasalimia vizuri."

Sisi ni Walutheri tangu babu. Mama alishalimeza hilo, akabaki na woga mmoja mkubwa zaidi, kwamba wakwe wakisikia neno kifafa watakimbia. Kemilembe alikuwa ameshamwambia Damian kila kitu. Damian alimjibu, "Si kuna dawa? Unaimeza? Basi tatizo liko wapi?" Wazazi wake ndio hawakujua. Wachumba walipanga wazazi hao waambiwe posa ikishapita, watakapokuwa wamemzoea binti.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ndoa ya mdogo wangu ilikuwa imeegemea kopo moja, na kopo lilikuwa mkononi kwangu.

Siku ya posa mama alitandika majani mapya sebuleni. Baba mkubwa Bartholomayo, kaka yake marehemu baba, alikuja mapema na suti yake ya kanisani kuwa msemaji wa nyumba. Mimi nilipewa kazi ya kuonja. Kwetu hakuna kitu kinachoingia mdomoni mwa mgeni kabla mtoaji hajakionja mbele ya macho yake, iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, iwe akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Mgeni anaona umemeza, ndipo naye anameza bila wasiwasi.

Asubuhi ile nilimeza sehemu yangu, tena nikaongeza. Nilijiambia ni ili nisitetemeke mbele ya wageni.

Walikuja baada ya chakula cha mchana. Damian, mama yake, mshenga, na baba yake, mzee Rutaihwa, mrefu, mkimya, ameshika kibuyu cha rubisi walichokuja nacho.

"Nyegera waitu, nyegera!" baba mkubwa akawakaribisha kwa sauti ya mimbarini.

Wakakaa. Salamu zikawa ndefu kama inavyotakiwa. Kemilembe akaingia, akapiga magoti, kikapu kidogo cha akamwani mikononi. Alikuwa amejishonea gauni la bluu, na nawaambieni, alipendeza. Akaniletea mimi kwanza. Nikachukua punje, nikatafuna, nikameza. Mshenga akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Kemilembe akasogea kwa magoti mpaka kwa mzee Rutaihwa, akanyoosha kikapu.

Kikapu kikaanza kutetemeka.

"Binti ana aibu," mshenga akasema, wote wakacheka.

Haikuwa aibu. Niliona macho yake yanapanda juu. Nilijua kinachokuja, nilijua kuliko mtu yeyote mle ndani, na mwili wangu ukakataa kuinuka. Nilikuwa nimelegea, nimejaa ule utamu wa kijinga, nikitazama kama ni mambo ya nyumba ya jirani.

Kemilembe akaanguka kifudifudi kwenye miguu ya mzee. Kahawa ikatawanyika. Akakakamaa, akaanza kupiga majani kwa mikono na miguu.

"Yesu wangu!" mama akalia. "Philbert! Mshike mdogo wako! Philbert!"

Klaudia ndiye aliyekuja. Alitoka jikoni mbio, mikono imejaa utomvu wa ndizi, akamgeuza Kemilembe ubavu, akavua kitenge chake akamwekea chini ya kichwa.

"Msimshike mikono! Ondoeni hiyo meza! Atatulia, mwacheni, atatulia."

Damian naye alikuwa ameshapiga magoti pembeni yake, akimfuta povu kwa leso.

"Damian, inuka!" baba yake akafoka. "Usiguse mate hayo!"

"Baba, hayaambukizi..."

"Nimesema inuka!"

Damian hakuinuka. Mzee alimshika kola ya koti akamvuta kama mtoto wa shule. Mama yake Damian alikuwa ameshafika mlangoni, kanga mdomoni. Mshenga akainama, akakichukua kile kibuyu cha rubisi. Walibeba rubisi yao, wakaondoka nayo. Mtu wa kwetu anajua hilo lina maana gani, posa imevunjika; hata wangetutukana isingeuma hivyo.

Mzee Rutaihwa alisimama mlangoni, akanitazama mimi niliyekuwa bado nimekaa.

"Na huyu anatabasamu," akasema.

Nikagusa uso wangu. Ni kweli.

Hospitali walitupokea vizuri. Kemilembe alilazwa, akalala usingizi ule mzito unaofuata. Daktari, mama mmoja mpole wa makamo, alituita pembeni, mimi na mama.

"Dawa anameza kila siku?"

"Kila siku, daktari," nikajibu. "Mimi mwenyewe ndiye ninayempa."

Hakuna neno hata moja la uongo hapo. Ndiyo maana lilitoka kirahisi.

Daktari akafikiri. "Basi dozi imekuwa ndogo kwake. Nitampa za nguvu zaidi, na atakuwa anameza mbili." Kisha akaninyooshea kalamu. "Lakini nisikilize vizuri. Hii napandisha kwa sababu mwili wake umeshaizoea dawa. Kama kuna siku nyingi alikosa, niambie sasa hivi, nianze naye upya, kidogo kidogo. Mtu ambaye mwili wake hauna dawa ukimpiga na dozi hii, itamlaza vibaya. Anaweza hata kushindwa kupumua. Alikosa?"

Mama akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, na yamejaa imani.

"Mwanangu hawezi kumkosesha, daktari," akasema kwa niaba yangu. "Huyu ndiye anayetutunza."

Ningeweza kusema pale pale. Kulikuwa na daktari, kulikuwa na kitanda, kila kitu cha kumwokoa kilikuwepo. Nikaogopa uso wa mama.

"Hakukosa," nikasema.

Kesho yake tulirudi na kopo jipya, halijafunguliwa. Daktari alisema dozi mpya ianze asubuhi inayofuata. Kemilembe akaenda kulala chumba cha ndani. Baba mkubwa Bartholomayo alikuwa anatusubiri sebuleni, suti ile ile, Biblia magotini.

"Kaeni," akasema. "Dawa ilifanya kazi siku zote, sasa imeacha. Dawa haina miguu ya kutoka kwenye kopo. Ama imelogwa ama imechezewa. Nani anaileta kutoka hospitali?"

"Mimi, baba mkubwa," Klaudia akasema.

"Nani anaitoa?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa hiyo ni nyinyi wawili. Sitaki maneno mengi. Kwetu anayempa mtu kitu mdomoni hukionja kwanza. Nileteeni kopo la zamani."

Mama akalileta. Baba mkubwa akamimina kapsuli zilizobaki kwenye sahani.

"Philbert. Wewe ni damu yetu, lakini anza wewe, asije mtu akasema nimependelea."

Nikazitazama. Zote nilikuwa nimezijaza mimi, nyuma ya magunia ya kahawa. Nikachukua mbili, nikazitupia mdomoni, nikashushia maji. Sijawahi kumeza kapsuli kwa moyo mtulivu kiasi kile. Nilikuwa nakula ugali.

"Mungu akubariki, baba," mama akaniambia, akafuta machozi kwa pembe ya kitenge.

Sahani ikasogezwa kwa Klaudia. Hakuigusa.

"Onja," baba mkubwa akasema.

"Sitaonja."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini haikutetemeka. "Nimeishi na Kemilembe tangu anaanguka kila wiki. Nimemfulia nguo alizojikojolea, na hakuna jirani aliyejua. Nimemzika mume wangu hapa, nikabaki hapa. Leo napimwa kama mgeni aliyepita njia? Kama baada ya yote hayo bado mnanidhania, hata nikimeza kopo zima mtanidhania tu. Sitaonja."

"Kamala naye alifia mikononi mwako," baba mkubwa akasema taratibu.

Klaudia akafumba macho. Nilidhani atalia. Alipoyafumbua alinitazama mimi.

"Shemeji. Wewe unajua nilivyoishi na huyu mtoto. Tena wewe ndiye uliyekuwa na kopo. Waambie."

Wote wakanigeukia.

Msomaji wa Muleba, hapa ndipo nilipokuwa nakuleta.

"Mimi nimeonja, shemeji," nikasema. "Onja na wewe."

Klaudia akainuka akaenda chumbani kwake, na tukasikia anavuta sanduku kutoka mvunguni.

"Kesho asubuhi arudi kwao Kimwani," baba mkubwa akatamka, akafunga Biblia ambayo hata hakuwa ameifungua vizuri.

Mama alinipa kopo jipya na ufunguo wa kabati. Alinifumba vidole kwenye ule ufunguo. "Sasa ni wewe tu, baba. Usimwamini mtu." Nikautia ufunguo mfukoni, nikatoka nje.

Jioni Damian alikuja na baiskeli. Aliiegemeza, akamwamkia mama kwa heshima zote, kama vile jana hakikutokea kitu.

"Nimezungumza na mzee usiku na mchana," akasema. "Amekubali jambo moja. Anasema mwezi wa kumi na moja, wakati wa senene, atarudi. Akimkuta Kemilembe hajaanguka tena tangu leo, rubisi itarudi naye. Akianguka hata mara moja, nisimtaje tena jina nyumbani kwake."

Mama akapiga magoti kumshukuru. Mama mkwe, kumpigia magoti kijana! Damian akamuwahi kumwinua, akanigeukia.

"Shemeji, nasikia sasa dawa anapewa na wewe. Nashukuru sana. Mimi namwamini mtu anayejua ugonjwa ni nini."

Akanipa mkono. Nikaupokea.

Nilikaa stoo na kopo jipya mapajani. Niliapa kwamba zile sitazigusa. Halafu nikakumbuka kalamu ya daktari. Nisipozigusa, kesho Kemilembe atameza dozi nzito mwili ukiwa mtupu. Nikizigusa, ataanguka tena na Damian atakuwa amekwenda. Nikawaza nifungue kapsuli nimpunguzie, nianze naye kidogo kidogo kama daktari alivyosema. Oneni nilivyo. Hata wema wangu ulianzia kwenye kufungua kapsuli. Na huo unga utakaobaki ungekwenda wapi? Nilijua ungekwenda wapi. Mate yalikuwa yameshanijaa mdomoni.

Asubuhi Klaudia alitoka na sanduku kichwani. Hakuaga. Mama alijifungia jikoni asimwone.

"Kaka," Kemilembe akaita kutoka chumbani kwake. "Njoo na dawa."

Nilimkuta amekaa kitandani, uso umevimba upande alioangukia. Nikafungua kopo, nikamimina mbili kwenye kiganja chake.

Hakumeza. Alizitazama.

"Hizi ni nzito," akasema. "Zile nyingine zilikuwa nyepesi."

"Daktari ameongeza nguvu."

"Moja ilinipasukia mdomoni, kaka. Siku ile uliponisimulia habari za mwalimu mkuu na mbuzi. Ilikuwa muhogo."

Nikaketi sakafuni, palepale.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema, Kemi?"

"Kwa sababu ulikuwa umerudi." Machozi yalianza kumtoka, hakuyafuta. "Tangu Kamala afe hakuna mtu aliyekaa kwenye kile kigoda. Ulikuwa unacheka. Ulikuwa unanishikia vitambaa. Nikasema, kama ni hizi zinazomfanya acheke, basi achukue, labda mimi sitaanguka. Nilijidanganya tu, nikaanguka."

"Nisamehe."

"Jana nilikuwa macho. Nilisikia yote kupitia ukuta. Nikasema nimpe nafasi, atasema mwenyewe. Nikasikia unamwambia shemeji aonje."

Kupitia dirisha dogo niliona kitenge cha Klaudia kikishuka njia ya kibanja, kati ya migomba, kuelekea barabarani.

Kemilembe akaninyooshea kiganja.

"Anayetoa huonja kwanza. Si ndivyo alivyosema baba mkubwa? Onja, kaka. Safari hii si muhogo."

Zilikuwa mbele ya uso wangu. Nyeupe na njano, kubwa kuliko za zamani. Namwambia Mungu na nawaambia nyinyi: nilizitamani. Mdogo wangu analia mbele yangu, uso umevimba kwa ajili yangu, na mimi nilizitamani.

"Huwezi?" akasema. "Basi nitameza mimi. Nataka kupona. Nataka kuolewa."

Akaupeleka mkono mdomoni.

Yeye hakuwepo daktari alipotuonya. Alikuwa amelala. Mtu pekee aliyejua zile kapsuli zingemfanya nini alikuwa mimi.

Nikauwahi mkono wake. Nikaubana, nikamfumbua vidole, na kapsuli zikadondokea kwenye kiganja changu. Kiganja kikajifunga chenyewe, kwa mazoea.

Kemilembe alikitazama kile kiganja kilichofungwa. Aliyaona yote mawili, kwamba nimemzuia na kwamba nimezishika, na hakujua aamini lipi. Hata mimi sikujua.

"Haya, meza," akaniambia. "Au mwite shemeji arudi."

Nikageuka dirishani. Klaudia alikuwa amefika kwenye mti wa mwisho wa kahawa, pale njia ya kwetu inapoingia barabarani, na alikuwa amesimama kulishusha sanduku apumzike. Ningemwita angesikia. Mkono wangu ulikuwa tayari umepanda mpaka kidevuni.

Ngumi ilikuwa bado imefungwa.